Mbuni wa Mwambani

Sanduku la mama tulilifungua baada ya arubaini. Nilikaa sakafuni, mabinti zangu wamenizunguka, tukawa tunatoa kimoja kimoja: kanga, vijiti vya udi, miswaki iliyokauka, miwani mibovu aliyokataa kutupa. Chini kabisa, ndani ya kanga iliyopauka mpaka maandishi yake hayasomeki, nikakuta barakoa. Si hizi za hospitali, jamani. Barakoa yenyewe, ya kike, ya Sharqiyah, mashariki ya Oman, kitambaa kilichopigwa nili mpaka kinang'aa, na kile kijiti cha katikati kinachokaa juu ya pua. Harufu yake ikanipanda kabla sijaikunjua: nili, moshi wa kuni, na jasho la mtu ambaye hayupo.

"Kwani bibi alikuwa akivaa barakoa?" binti yangu mkubwa akauliza, macho yamemtoka.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama yangu! Mama aliyesema kuvaa kitu kile ni kuchungulia dunia kwa tundu la ufunguo! Nikawaambia hii si ya bibi yenu, hii ni ya shangazi yangu Shamsa, na nyinyi hamkumdiriki. Wakaniuliza sasa imefikaje kwenye sanduku la bibi. Hapo kicheko kikanikatika, maana jibu lake si la neno moja, na mkononi harufu ile ilikuwa imeshanirudisha Ibra, kwenye nyumba ya udongo, mwaka ule tuliotoka bara.

Nyinyi wenzangu mliokuja miaka ile hamhitaji kuelezwa sana. Baba alizaliwa Ibra, akaondoka kijana mdogo kwenda Kondoa kwa ami yake aliyekuwa na duka. Akakulia kule, akamwoa mama, Hawa, Mrangi wa kijiji kimoja upande wa Kolo, nikazaliwa mimi. Kisha zikaja habari kwamba Oman imefunguka, barabara zinachongwa, kazi zipo, mwenye asili yake arudi. Baba akarudi na sisi. Alipata kazi ya ofisini Maskati, na kwa kuwa nyumba huko ilikuwa bado, akatupeleka kwao. Gari lilipofika Bidbid na kuiacha njia ya Nizwa likashika ya Ibra, mama aliangalia ile milima mitupu mieusi, akasema, "Hawa mbuzi wao wanakula nini, mawe?" Baba akacheka. Mama hakuwa anatania.

Nyumbani tulimkuta shangazi Shamsa, dada yake baba, mjane, na mbuzi zake. Mtu mrefu, mkavu, mkono mgumu. Barakoa haikumtoka usoni. Akila, anainyanyua kwa vidole viwili, tonge linapita chini yake, anaiachia. Nilimpa shikamoo, akanitazama tu, nikajifunza kumbusu mkono. Hakujua Kiswahili hata kidogo, na mama hakujua Kiarabu zaidi ya kile cha sala. Baba alikuwa akija Alhamisi na kuondoka Ijumaa alasiri. Siku zote zilizobaki, mkalimani ni mimi, mtoto ambaye meno ya mbele yalikuwa bado hayajaota sawasawa. Nilikishika kile Kiarabu upesi, kama watoto wanavyoshika.

Mama alinyauka. Sina neno jingine. Kule Kondoa mama alikuwa mtu wa maneno na vicheko, mtu wa kusimama njiani na kila mpita njia mpaka chakula kinaungua jikoni. Hapa alikuwa akienda kwenye falaji, ule mfereji wa maji wa kijiji, kuosha vyombo, anawakuta wanawake wanaongea, akifika wananyamaza, akigeuka wanacheka. Labda walikuwa wakicheka mambo yao. Lakini utajuaje? "Nitajuaje?" aliniambia siku moja, anakamua nguo kama anaikaba roho. "Huyu shangazi yako ananipenda au ananichukia? Ananionea huruma? Uso siuoni! Naishi na mtu asiye na uso!"

Siku hiyo nilitaka anichezee mbuni. Hili lazima nilieleze. Kule kwetu, mvua ikipiga bati na mimi nikiogopa, mama alikuwa akijifunga kanga moja kiunoni, nyingine anaishika kwa mikono miwili kama mabawa, shingo anainyoosha, macho anayatoa, anakimbia chumba kizima kwa hatua ndefu za kijinga, huku kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Kisha anasimama ghafla, ananiangalia kwa jicho moja, anauliza kwa sauti nene, "Yai langu nani kalichukua?" Nilikuwa nikicheka mpaka najikojolea. Na yai lenyewe lilikuwepo kweli, kwa bibi mzaa mama, gamba tupu jeupe kubwa kama kichwa cha mtoto, limewekwa juu ya kabati. Upande wa mbugani, mashariki ya kwao, mbuni walikuwa wengi. Tangu tushuke kwenye ndege, mama hakunichezea mbuni. Nikimwomba, anasema, "Kesho." Nikaacha kumwomba.

Sasa nisikilizeni. Msimu wa kukata tende uliingia, na Alhamisi moja mchana, watu wamelala, nilikuwa nimejilaza chini ya dirisha, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Ndani nikamsikia mama.

"Nirudishe kwetu."

Baba akasema jambo la kumtuliza, sikulisikia vizuri.

"Nimeshakwambia sina ugomvi na wewe," mama akasema. "Mtoto ni wako, ana asili yake hapa, ana shule. Mimi hapa nakufa, baba Zuhura. Nirudishe."

Kisha baba, sauti yake ya mtu aliyechoka, akasema, "Basi ngoja tende ziishe. Tende zikishakwenda, nikikuona bado unataka, nitakupeleka mwenyewe."

Zuhura ni mimi. Mtoto ni wako, ana shule. Nilibaki pale ukutani mpaka kivuli kikanihama. Sikulia. Niliangalia mitende tu, yale mafungu ya manjano yaliyokuwa yamening'inia, nikaona yamejaa, nikashukuru. Tangu siku hiyo nikawa nachukia kila fungu linaloteremshwa. Watu wa Ibra wana tende inaitwa mabsili, haingojwi iive. Inakatwa ikiwa ya manjano, inachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha inaanikwa. Ni kazi ya ukoo mzima, moto, mvuke mtamu, watoto wanakimbizana, wanawake wanaimba. Kila mtu alikuwa na furaha. Mimi nikiiona ile sufuria inachemka, naigeuzia mgongo. Na ndani ya chumba chetu, sanduku la mama, hili hili, lilikuwa bado limefungwa kwa ile kamba ya katani tuliyotoka nayo Kondoa. Kila alichohitaji alikitoa kwa kupenyeza mkono ubavuni. Kamba hakuifungua.

Shangazi Shamsa ndiye aliyenichukua wadini, kwenye bonde la mto mkavu. Nadhani alichoka kuniona nimejikunyata. Alfajiri, kabla ya jua kuanza fujo zake, alikuwa akiwapeleka mbuzi juu ya wadi, na asubuhi moja akaniambia, "Taali," njoo, akanipa birika ya kahawa niibebe. Tukapanda mpaka mahali ambapo mwamba umeinama ukafanya kibaraza chenye kivuli. Akakaa, akaegemea, mbuzi wakatawanyika. Nikainua macho.

Mwamba ulikuwa umejaa wanyama.

Nilishtuka kweli. Kwa sababu mimi picha za mwambani nilizijua! Kwa bibi, ukipanda mlima, kulikuwa na picha nyekundu: twiga, tembo, pofu, watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, nyuso hawana. Mama alipokuwa msichana alikuwa akikusanya kuni chini yake. Aliniambia ni za watu wa zamani sana, waliokuwepo kabla ya Warangi, kabla ya mtu yeyote kuwa na jina. Hizi za Ibra hazikupakwa rangi, zilichongwa kwa kugongagonga jiwe juu ya jiwe, mwamba mweusi ukibanduka unatoa weupe wake. Lakini zilikuwa ni zile zile kwa macho yangu: mbuzi mwitu wenye pembe za kurudi nyuma, ngamia, mtu juu ya mnyama, watu wamesimama mstari wameinua mikono. Na wao hawakuwa na nyuso. Nikamwangalia shangazi, nikawaangalia wao, nikasema moyoni, bila shaka wote wamevaa barakoa.

Pembeni, peke yake, chini kidogo, kulikuwa na mnyama mwenye mwili wa duara, shingo ndefu, kichwa kidogo, na miguu miwili mirefu.

"Mbuni!" nikapiga kelele.

"Mo hadha?" shangazi akauliza, nini hicho. Nikamwonyesha. Akasema bila hata kugeuza kichwa, "Ngamia."

"Ngamia ana miguu minne!"

"Wazee wetu wote wamesema ngamia."

"Huyu mbuni," nikasema, nimekasirika. "Wako kwetu. Kwa mama."

Akataka kujua mbuni ni nini. Nikajaribu: ndege, lakini haruki. Mkubwa kuliko mtu. Anakimbia kuliko farasi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona mwongo. Yale macho mawili nyuma ya nili yaliniangalia, sikujua yanacheka au yananisikitikia, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa mama. Lakini akilini mwangu mambo yalikuwa yamekwishanyooka. Mbuni yuko kwetu, huku hayuko. Basi aliyemchora katoka kwetu. Basi watu wa mama walishafika hapa zamani, kabla yetu, wakakaa, wakachora. Mama si mgeni hapa hata kidogo! Mtu akimwambia tu, atafungua sanduku.

"Waliwachora kwa nini?" nikamwuliza shangazi.

Alimimina kahawa, akafikiri. "Walisema wazee, waliwachora ili wasiende mbali. Mnyama akiondoka wadini, watu watakula nini? Basi wanamchora hapa, anabaki."

Nimekua, nimesoma, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na vitabuni nimeziona picha za mapango ya nchi za baridi, za kale mno, ambazo wanasema zetu ni watoto wadogo mbele yake. Fahali, farasi, paa, simba. Alama za viganja. Madoa madoa ambayo hakuna ajuaye maana yake. Mtu ni nadra, na akiwepo ni vijiti tu, hana uso. Na kitu kimoja kilinigonga nilipokuwa nafunua kurasa zile: hakuna mti. Hakuna mlima, hakuna jua, hakuna mto, hakuna mahali pa kulala. Wataalamu wana maneno yao, wanabishana, na mimi siwaingilii. Lakini nilikumbuka kahawa ya shangazi. Mlima uende wapi? Wale watu walichora vyenye miguu. Walichora kile ambacho ukiamka asubuhi unaweza kukuta hakipo.

Siku ile sikuwa na fikra zote hizo. Nilikuwa na jiwe kali tu. Shangazi alipokwenda kumfukuzia mbuzi mmoja mkorofi, nikachuchumaa kwenye jiwe dogo la pembeni, nikamchora mama. Leo nikimkuta mtoto anakwaruza pale nitamfinya sikio, wallahi, lakini siku ile nilikwaruza mpaka vidole vikanivuja damu. Nikamtia kichwa, nikamtia kilemba chake cha kanga, nikamtia mikono. Kanga nikaishusha mpaka chini. Miguu sikumtia.

Mama nilipomwambia hakuinua macho. "Mbuni? Huku? Mwanangu, jua limekuingia kichwani."

"Yuko, mama! Mwambani, kama zile za kwa bibi! Watu wako walifika hapa!"

"Watu wangu," akasema, akatikisa kichwa. Lakini nilimganda. Nilimganda wakati anakanda, nilimganda wakati anaswali, nilimganda mpaka akaniambia nina kichwa kigumu kama cha baba yangu. Mafungu yalikuwa yamebaki machache. Asubuhi moja shangazi akitoka na mbuzi, mama akatupa kanga begani, akasema, "Haya, twende tukamwone huyo mbuni, nipumzike." Shangazi alimwona anakuja. Alipunguza mwendo tu.

Tulipanda watu watatu, mimi katikati. Mawe yanalia chini ya viatu, mbuzi wanakohoa. Nilikuwa nimemshika mama ncha ya kanga.

Tukafika. Mama akausoma mwamba wote polepole, kutoka juu, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu anatafuta wa kumsalimia. Wale watu waliosimama mstari aliwaangalia sana. Kisha akafika kwa yule wangu. Akasogea, akainama, akapitisha kidole kwenye shingo, kwenye mgongo, kwenye miguu, na nyuma ya miguu, pale jiwe lilipokuwa limebanduka. Alikaa pale mpaka nikaanza kuogopa.

"Shangazi anasema ngamia," nikasema. "Mwambie, mama. Mwambie ni mbuni."

Alikuwa ameshaliona lile jiwe dogo la pembeni.

"Na huyu nani?"

"Wewe."

"Mbona sina miguu?"

Niliuma ncha ya kanga yake, nikaitafuna, nikaangalia chini. Alinishika kidevu, akaninyanyua uso, akaniangalia, na nikaona kitu kinavunjika machoni mwake. Alijua kwamba nimesikia. Alijua yote.

Mama akasimama wima. Akamgeukia shangazi, ambaye alikuwa ameshika birika, nili tupu. Akanyoosha kidole kwa yule mnyama.

"Mbuni," akasema, kwa sauti ya kuhukumu.

Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaikaza. Ile ya begani akaivuta, akaishika kwa mikono miwili. Shingo ikanyooka. Macho yakatoka. Na mama yangu, mke wa watu, mgeni asiyecheka, akatimua mbio kwenye wadi ya Ibra, hatua ndefu za kijinga, mabawa yanapepea, kichwa mbele nyuma, mbele nyuma, mbuzi wakakurupuka kila upande wakidhani ni kiama. Akazunguka mwamba, akaruka kijito kikavu, akarudi, akasimama ghafla mbele ya shangazi pua kwa pua, akamtazama kwa jicho moja, akauliza kwa ile sauti nene, "Yai langu nani kalichukua?"

Mimi nilitakiwa kutafsiri. Sikuweza, nilikuwa nimelala chini nacheka na kulia kwa pamoja.

Shangazi hakuhitaji tafsiri. Kwanza mabega yake yalianza kutikisika. Kisha ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia, mluzi fulani hivi, kisha akakaa chini kwa kishindo, kahawa ikamwagika yote, akapiga paja, akapiga jiwe, machozi yakaingia chini ya barakoa yakamwasha, naye akaivua. Akaivua tu, kama mtu anavyovua kiatu chenye kokoto, akajifuta kwa mkono.

Lo! Alikuwa na uso! Mashavu yake na pua vilikuwa vya buluu kwa nili, pengo moja upande, na kidevu kile kile cha baba. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani. Na alikuwa anamwangalia mama kama watu wanavyomwangalia mtu waliyemngoja muda mrefu.

Mama alikuwa bado ameshika mabawa, anahema. "Kumbe una uso," akasema taratibu.

"Amesema nini?" shangazi akaniuliza.

"Amesema una uso mzuri," nikatafsiri.

Shangazi akaona haya. Akajifunika kwa kiganja, akacheka tena ndani yake. Halafu akamwita mama akae, wakala tende bila kahawa, mama anaonyesha kitu, shangazi anakitaja, mama anarudia vibaya, wanacheka. Mimi nilisahauliwa. Ni raha gani kusahauliwa namna ile.

Bado nilikuwa na wasiwasi, msidhani yaliisha. Kucheka siku moja si kufungua sanduku. Tende za mwisho zikachemshwa, zikakauka juani, ikafika siku ya kutia kwenye magunia, na baba yupo, amekuja na gari, na mimi namwangalia baba mdomo wake kila ukifunguka. Kamba zikawaishia. Shangazi, barakoa imemkaa juu ya paji kama kofia, akapiga kelele kuuliza kamba, nani ana kamba. Mama akasimama, akajipangusa mikono, akaingia chumbani. Akatoka na ile kamba ya katani ya Kondoa, amekwishaiviringa mkononi. Akampa shangazi. Shangazi akafungia gunia. Baba aliigeukia ile kamba, akamtazama mama, akaenda nyuma ya gari kufanya jambo ambalo halikuwepo, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Mama alikaa Oman mpaka tumemzika Oman. Alijifunza Kiarabu kibovu cha kuchekesha, akakitumia kwa kila mtu bila aibu, na pale falajini wanawake wakawa hawaanzi kucheka mpaka afike. Shangazi naye hakuvaa tena barakoa mbele yake. Nje ndiyo, mbele ya wengine ndiyo. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho, ni mama aliyemwosha uso kila asubuhi, na siku moja shangazi akamshindilia mama barakoa hii mkononi, akamwambia aichukue, hana tena wa kumfichia uso.

Sasa la mwisho. Miaka michache kabla mama hajatutoka, kijana mmoja wa ukoo alituletea picha kwenye simu, amepanda wadini, kapiga mwamba wote. Akamkuzia picha mama aone.

"Yule pale mbuni wetu!" nikasema.

Mama akavaa miwani, akaivua, akaipangusa, akaivaa. "Mbuni gani? Huyu ngamia."

"Mama!"

"Ngamia, mwanangu. Hebu tazama hapa nyuma. Jiwe limebanduka, miguu ya nyuma imekwenda nalo. Na hii nundu. Mbuni ana nundu?"

Nikatazama. Haki ya Mungu, alikuwa ngamia. Ngamia mtupu, wa wazi, hata kipofu angempapasa akamjua. "Umeligundua lini?"

"Siku ile ile. Nilipitisha kidole, si uliniona? Na shangazi yako alijua tangu yuko mdogo. Tulipokuja kuelewana lugha akaniuliza, Hawa, wallahi, yule si ngamia? Nikamwambia ngamia. Tulicheka mpaka tukaunguza mkate."

Sikucheka. Nilikuwa na umri wa kuwa bibi, nikang'ang'ania kama mtoto. "Sasa mbona ulisema mbuni?"

Mama aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la kijinga kabisa. "Ulikuwa umekuja mpaka kule juu, umenishika kanga, umenichora sina miguu. Ulikuwa unamtaka mbuni. Ningekupa ngamia?"

Hayo ndiyo niliyowaeleza mabinti zangu, barakoa iko mapajani, sanduku liko wazi. Mjukuu wangu alikuwa amekaa pembeni muda wote, yule ambaye mama yake yuko masomoni ng'ambo na ambaye siku hizi haniulizi tena atarudi lini. Akainyakua simu yangu, akaitafuta ile picha mwenyewe, akaniletea. Hakuwa amesikiliza hata neno, au labda alisikiliza yote, watoto huwajui.

"Bibi, huyu mnyama gani?"

Miguu ya nyuma imebanduka, inaonekana wazi, na nundu ile pale.

"Mbuni," nikamwambia, nikavuta kanga begani, nikaanza kuinuka na magoti yangu haya.